Kabla Hujatoa Ng'ombe Upewe Bunduki

Mfugaji wa Ngenge ana sababu. Mwenye mitumbwi wa Goziba ana sababu. Hata mwenye duka la jumla mjini Bukoba, anayefunga hesabu usiku akiwa na mauzo ya kutwa nzima mkononi, naye ana sababu. Waulize kwa nini wanatamani bunduki na hakuna hata mmoja atakayekupa jibu la kijinga. Wa kwanza amewahi kuamka akakuta zizi tupu. Wa pili ameng'olewa injini katikati ya ziwa. Wa tatu amehudhuria mazishi ya mfanyabiashara mwenzake.

Kwa hiyo makala haya si ya kuwakemea. Nataka tupige hesabu, kama apigavyo mtu yeyote makini kabla ya kufungua pochi: natoa nini, napata nini, na deni litakalobaki atalibeba nani? Msimamo wangu niuseme mapema. Bunduki inayonunuliwa porini ni biashara ya hasara kwa karibu kila anayeinunua Kagera. Lakini hatutamshawishi mtu aikwepe hasara hiyo kwa vitisho vya sheria peke yake. Serikali inapomwambia mwananchi asalimishe silaha, nayo inafanya biashara, na kila biashara ina pande mbili zinazolipa.

Tuanze na mlango halali, maana upo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, raia anaweza kumiliki bunduki kwa leseni. Maombi huanzia chini, kwa viongozi wa kijiji au mtaa wanaomfahamu mwombaji, yakapita kwenye ngazi za ulinzi na usalama hadi kwa Jeshi la Polisi. Ni safari ndefu, na wengi huilalamikia. Jambo wasilolizingatia ni kwamba leseni ile haihami pamoja na bunduki. Majirani wawili wa Kamachumu, mmoja na shotigani yake na mwingine na raifo, wote wawili wakiwa na leseni, hawawezi kukaa kwenye rubisi, wakabadilishana, wakapeana mikono na kila mmoja akaenda zake. Lazima mabadilishano yapitie polisi. Vivyo hivyo kwa warithi: kijana anayekabidhiwa kibanja cha baba yake baada ya matanga hakabidhiwi na bunduki. Akiiacha imelala juu ya dari kwa kuwa "ni ya mzee", ameshakuwa mhalifu bila kutoka nyumbani.

Mlango wa pili ni wa porini, na huko kuna bidhaa za aina mbili. Moja ni gobore la fundi wa kijijini, chombo cha wawindaji haramu wanaozunguka mapori ya Burigi. Ukilitazama kwa karibu utaona mtutu wa bomba la chuma, kitako kilichochongwa kwenye gogo, na vipande vya mpira wa baiskeli vikishikilia kimoja kwenye kingine. Hushindiliwa baruti na vyuma chakavu kwa mdomoni, hulia mara moja, kisha mwenyewe aanze upya kulijaza huku aliyemkosa akimjia. Na siku mtutu ukichoka, unapasukia usoni mwa mpigaji.

Bidhaa ya pili ni SMG ya vita. Hiyo haipasuki kirahisi, na ndiyo sababu hupita mikono mingi. Shida yake ni kwamba inakuja na historia ambayo muuzaji haisemi. Ganda la risasi lililookotwa kwenye tukio la ujambazi miaka mingi iliyopita linaweza kulinganishwa na bunduki iliyokutwa leo chini ya kitanda chako. Umetoa ng'ombe wako halali, ukapokea na makosa ya watu usiowafahamu.

Kwa watu wa Kagera sina haja ya kutafuta mfano mbali. Tunaijua butura: mkulima mwenye shida ya ada ya shule au matibabu anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupwa, na wakati wa mavuno unapofika mwenye mali ni mwingine. Bunduki ya porini ni butura ya usalama. Unapokea utulivu wa leo ukiwa umebanwa, msimu ujao unalipa kwa bei ambayo hukutajiwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kanda hii ya ziwa ilishaifanya biashara hii kabla yetu. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani yetu kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakibadilisha silaha za zamani kwa za kisasa. Zilipanda na misafara hadi Tabora, zikaendelea Karagwe na Buganda. Mmishenari Alexander Mackay, aliyefika Buganda 1878, aliandika kwamba gobore moja lilipatikana kwa watumwa wawili. Ikulu ya Kabaka ilipata bunduki, lakini hao wawili hawakutoka ikulu. Walitoka kwenye vijiji vilivyovamiwa, na Kiziba na majirani zake wa magharibi mwa ziwa waliyafahamu vizuri majeshi ya Buganda. Aliyeshika bunduki na aliyeilipia walikuwa watu tofauti, na hali hiyo haijabadilika hadi leo.

Wauzaji nao hawakusalimika wote. Charles Stokes, mzaliwa wa Dublin, alikuja Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 1878 kuisaidia misheni, kisha akaiacha akawa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na silaha. Alikuwa na misafara mikubwa na marafiki wakubwa. Hata Kabaka Mwanga alisaidiwa naye kurudi kwenye kiti chake. Mwaka 1890, mwaka uleule Emin Pasha alioweka kituo cha Wajerumani hapa Bukoba, mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Brussels wa kuzuia bunduki za kisasa kuingia eneo kubwa la Afrika. Stokes aliendelea. Januari 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo aitwaye Lothaire alimnyonga mashariki mwa Kongo kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo, baada ya kesi iliyoendeshwa kinyume cha taratibu. Uingereza na Ujerumani zilikasirika, zikalipwa fidia. Marehemu hakulipwa kitu.

Sasa tuje kwenye vita tunavyovikumbuka wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakapora maelfu ya ng'ombe wa ranchi ya Kitengule na kulivunja daraja la Kyaka. Tulijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ushindi ule ulikuwa halali na wa lazima. Lakini vita vikiisha bunduki hazizikwi. Kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, askari wa Amin walipokimbia kambi ya Moroto waliacha ghala la silaha, na wafugaji wakalifungua. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za rashasha.

Tazama kilichoipata bei yake. Huko Kolowa, kwa Wapokot wa Kenya, bunduki ya AK-47 iliyokuwa ikibadilishwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986 ilikuwa imeshuka hadi ng'ombe wasiozidi watano takriban miaka 20 baadaye. Mtu wa haraka ataona nafuu hapo. Mimi naona kufilisika. Aliyetoa ng'ombe 15 alikuwa akinunua ubabe juu ya jirani asiye na bunduki. Jirani naye akatafuta yake, na wa tatu, na wa nne. Kila mmoja alipokwisha kupata, wote walirudi palepale walipoanzia, hakuna anayemzidi mwenzake, isipokuwa sasa ng'ombe wamepungua na wizi unaua watu. Kama wingi wa bunduki mikononi mwa raia ungekuwa dawa, Marekani ingekuwa imepona zamani: utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kati ya bunduki milioni 857 za raia duniani kote, milioni 393 ziko huko.

Kwetu Tanzania jibu lilikuwa tofauti, na tunalisahau. Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukapamba moto Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa huko walianzisha Sungusungu. Hawakukimbilia kununua SMG. Walitumia filimbi, upinde na mishale, na zaidi ya yote walitumia kujuana: nani kalala wapi, ng'ombe huyu ni wa nani, mgeni huyu kafikia kwa nani. Sungusungu ilikuwa na madhambi yake, ikiwemo kuhukumu watu bila mahakama, na sitaki kuipamba. Lakini ilionyesha kwamba mwizi mwenye bunduki anaogopa kijiji kilichoamka kuliko anavyomwogopa mtu mmoja mwenye bunduki kama yake.

Wimbi la pili lilitujia moja kwa moja. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara. Wengi walikuwa wakulima wenye mikeka na watoto migongoni, na ni dhuluma kuwabebesha wote lawama ya ujambazi. Ila vita vya majirani, Rwanda, Burundi na Kongo, vilifanya bunduki iwe bidhaa ya kawaida mpakani. Aliyesafiri kwa basi kutoka Bukoba enzi hizo anakumbuka magari yakisubiriana ili yasindikizwe na askari wenye silaha kupita mapori ya Biharamulo na Kasindaga. Saa zile za kusubiri, mizigo iliyochelewa sokoni, mgonjwa wa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, aliyelala njiani, yote hayo yalikuwa sehemu ya bei ya bunduki ambayo mtu fulani aliinunua kichakani na kudhani ameilipia yote.

Nguvu nayo ilijaribiwa. Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete alitoa siku 14 kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha na kwa wahamiaji haramu kuondoka. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Silaha zilipatikana. Lakini pia yalibaki malalamiko ya watu waliosema wametolewa kwenye nchi yao wenyewe. Msako ni dawa kali: unaweza kutoa bunduki kijijini ukatoa na imani, na bila imani hakuna atakayekwambia nyingine imefichwa wapi.

Turudi kwenye hesabu ya mtu mmojammoja, na nitamchukua mwenye injini wa visiwa vya Muleba kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Goziba, Bumbire, Kerebe na Ikuza ziko mbali na kituo kikubwa cha polisi. Injini ya mtumbwi ni mtaji wa miaka. Majambazi wa ziwani huja usiku wakiwa na silaha, wanawalaza wavuvi kifudifudi, wanafungua injini, wanachukua na samaki, wanaondoka. Anayeambiwa kwamba kuna SMG inauzwa ng'ambo anaona amepata kinga.

Haya, ainunue. Yeye mwenyewe haendi ziwani. Anabaki nchi kavu kusubiri mzigo. Kwa hiyo bunduki lazima ampe nahodha, kijana wa kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki na ambaye mwezi ujao anaweza kuhamia mwalo mwingine. Usiku huo kijana yuko kwenye mtumbwi unaoyumba, mikono imelowa, taa za kuvutia dagaa zikimulika yeye na kuwaficha wanaomjia. Mtumbwi unaosogea unafanana na mitumbwi mingine yote. Akipiga mapema, huenda ameua mvuvi mwenzake aliyekuja kuomba petroli. Akichelewa, wao wako wanne na wamezoea kazi hiyo. Majambazi wakishajua kuna bunduki ndani, nayo ni mali ya kuibwa, tena ya thamani kuliko samaki. Watakuja wakiwa wameshaamua kupiga kwanza. Mwenye injini alitaka kulinda chombo. Amegeuza wizi kuwa mauaji, amemtia kijana wa watu kwenye kosa la jinai, na injini bado inaweza kuondoka.

Hesabu ya mfugaji haina tofauti kubwa. Kwenye maeneo ya ranchi kama Kagoma na Rutoro, ugomvi mkubwa ni wa ardhi: mpaka uko wapi, nani ana haki ya kulisha, nani ya kulima. Bunduki haisomi ramani. Inachofanya ni kuchukua mgogoro ambao ungemalizwa na mpimaji na kikao, ikaugeuza kisasi cha koo mbili.

Basi kama kununua ni hasara, vipi kuhusu kuuza? Namaanisha kumuuzia mnunuzi pekee anayeweza kuiondoa bunduki sokoni moja kwa moja, yaani Serikali. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na kwetu Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha wa namna hiyo Septemba na Oktoba 2023: lete bunduki, hushtakiwi. Kwa mwenye SMG chini ya kitanda, kutoshtakiwa ni malipo makubwa kuliko ng'ombe wowote atakaopewa porini. Ni biashara nzuri, aifanye.

Lakini tujifunze kwa waliotutangulia jinsi biashara hii inavyoharibika. Liberia, Desemba 2003, Umoja wa Mataifa ulianza kuwalipa wapiganaji fedha taslimu. Walijitokeza zaidi ya 100,000, bunduki zikapatikana kama 28,000 tu. Fedha mkononi ziliita watu wengi kuliko silaha. Msumbiji walikwenda njia nyingine. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilipokea bunduki na kutoa majembe, baiskeli na cherehani. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha nyingi kwa pamoja kilipewa trekta. Aliyetoa aliondoka na kitu cha kuzalishia, na silaha zilikatwakatwa ili zisirudi tena sokoni.

Somo kali zaidi lilitoka Karamoja. Desemba 2001 Serikali ya Uganda iliwaomba wafugaji wasalimishe bunduki kwa hiari, na kuwapa majembe ya kukokotwa na ng'ombe pamoja na mabati. Maelfu waliitikia. Mwaka uliofuata jeshi lililoahidi kuwalinda likahamishwa kwenda kupambana na waasi wa Kony. Majirani ambao hawakusalimisha silaha wakawavamia waliosalimisha, wakachukua ng'ombe. Unadhani walipoombwa tena waliitikia kwa furaha? Jembe halikuwa na kasoro. Bei iliyoahidiwa ilikuwa ulinzi, na ulinzi haukulipwa.

Hapo ndipo ninapotaka viongozi wa Muleba na Bukoba wasikie. Tangazo la msamaha ni nusu ya mkataba. Nusu ya pili ni boti ya doria yenye mafuta usiku wa giza nene, wakati majambazi wanapotoka. Ni kituo cha polisi visiwani chenye askari wa kudumu, badala ya askari wanaokuja baada ya tukio kuandika maelezo. Ni daftari la namba za injini katika kila mwalo, linalosomeka Muleba, Bukoba, Mwanza na kwa wenzetu wa Uganda, ili injini iliyoibwa ikose mnunuzi; wezi huiba kinachouzika. Ni kupima na kufunga mipaka ya vitalu vya ranchi mapema, kabla watu hawajaanza kuzikana. Ni ofisa anayefika kijijini kuwaeleza wajane na warithi namna ya kukabidhi bunduki ya marehemu bila kuwatazama kama majambazi. Na kama kuna tuzo, iende kwa kijiji kizima kilichosafika, iwe kisima au taa za sola za mwaloni, ili kila mwanakijiji awe na maslahi ya kuhakikisha bunduki hairudi.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tunawajua. Tunajua nani alipata ng'ombe ghafla, nani huenda ng'ambo akarudi na mzigo usioonyeshwa, fundi gani anachomelea mitutu badala ya majembe. Kunyamaza kwetu ndiko kunakoifanya bei ya bunduki iwe nafuu kwa mnunuzi, kwa kuwa sehemu kubwa tunamlipia sisi.

Msamaha mwingine utakapotangazwa, kila mkuu wa wilaya aende kwenye mkutano wa hadhara na orodha mbili: ya silaha anazozitaka, na ya ulinzi ambao tayari umeshafika, kwa majina ya visiwa, kata na barabara. Wananchi wazipime zote mbili. Soko la porini halina hotuba. Mteja hupewa mali mkononi papo hapo. Serikali inayotaka kulishinda soko hilo haina budi kulipa kwa namna hiyohiyo.